Hesabu ya Giza

Katika boma moja huko Mbeere, Kaunti ya Embu, kuna daftari la kurasa 96 la aina ile inayotumiwa na wanafunzi wa shule za msingi. Jalada lake limechakaa na pembe zake zimeliwa na mende. Mwenye daftari hilo ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili na hisabati kwa miaka 34, na tangu alipostaafu mwaka wa 2008 hajaacha desturi yake ya kuandika kila shilingi iingiayo na kila shilingi itokayo. Majirani humwita Mwalimu. Mumewe naye humwita Mwalimu, kama ambavyo yeye humwita mumewe Mzee. Miongoni mwa kurasa za mbolea, karo na michango ya harusi, upo ukurasa mmoja wenye kichwa kisicho cha kawaida katika vitabu vya fedha. Umeandikwa kwa wino mwekundu: Hesabu ya Giza.

Ukurasa huo una swali moja tu, ambalo leo huulizwa na watu wengi mijini na mashambani: je, kufunga sola nyumbani kunalipa? Mwalimu amelijibu swali hilo mara tatu katika vipindi vitatu vya maisha yake, na kila mara jibu lilitofautiana na lile la awali. Mtu asiyemjua angemwita kigeugeu. Lakini aliyebadilika hakuwa Mwalimu. Kilichobadilika ni giza lenyewe.

Kulifahamu giza la Mbeere ni sharti kwanza kuufahamu mto Tana. Katika mto huo yamejengwa mabwawa matano ya kuzalisha umeme, moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Mwalimu alianza kazi mwaka uleule Kamburu ilipoanza kazi. Kwa miaka mingi alisahihisha insha za wanafunzi usiku kwa mwanga wa kandili, huku nyaya nene za umeme zikivuma juu ya mashamba, zikiipeleka stima Nairobi na kwingineko. Wenyeji waliishi kama watu waliokaa kandokando ya mto wakanawa kwa mate. Watoto walizichora nguzo zile kubwa za chuma katika somo la sanaa, kisha jioni wakarudi nyumbani kusomea koroboi.

Hiyo ndiyo sababu, malipo yake ya uzeeni yalipofika, jambo la kwanza alilolifikiria Mwalimu halikuwa shamba wala ng'ombe. Lilikuwa mwanga. Sola haikuwa jambo geni katika nchi hii. Seli ya silikoni yenye kufaa kwa matumizi ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1954, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980, shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, ilikuwa imefungiwa taa za sola. Walimu na wakulima wa majani chai na kahawa kuzunguka Mlima Kenya waliziona taa zile wakazitamani, na wengi wao walinunua paneli kwa fedha zao wenyewe pasipo ruzuku ya serikali. Aghalabu kilichowavuta hakikuwa taa bali televisheni. Mwalimu aliwafahamu wenzake kadhaa waliokuwa na paneli juu ya paa tangu siku hizo.

Kabla ya kununua, aliketi na daftari lake akaandika giza linamgharimu kiasi gani. Mafuta taa ya koroboi mbili na kandili moja yalikuwa shilingi 400 kwa mwezi. Kuchajisha simu mbili katika soko la Kiritiri kulikuwa shilingi 350. Mawe ya redio yalikuwa shilingi 150. Jumla ilikuwa shilingi 900 kwa mwezi, yaani shilingi 10,800 kwa mwaka. Gharama ya Mzee kukohoa usiku kwa ajili ya moshi hakuiandika, kwa kuwa hakujua aiandike kwa tarakimu gani.

Mnamo Januari 2010 alinunua paneli ya wati 40, betri, taa nne na nyaya. Pamoja na ufundi, jumla ilikuwa shilingi 28,000. Kwa hesabu ya daftari, fedha hizo zingerudi kwa muda wa miaka miwili na miezi saba. Zaidi ya hapo, mwanga ungekuwa wa bure. Mwalimu alipouliza kuhusu kile kifaa kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri, ambacho rafiki yake mmoja alikuwa amemtajia, fundi alicheka.

"Mwalimu, hicho ni cha matajiri. Wewe funga betri moja kwa moja. Jua litajipima lenyewe."

Jua halikujipima. Mchana liliijaza betri kupita kiasi, na usiku televisheni ndogo iliikamua hadi tone la mwisho. Betri ya risasi na asidi ina tabia moja ambayo wauzaji wengi hawakuwa wakiitaja: ukizoea kuitumia kupita nusu ya akiba yake, huzeeka kabla ya wakati wake. Betri ya Mwalimu ilikufa Julai 2011, baada ya miezi 18. Alipofungua daftari aliona kwamba ameokoa shilingi 16,200 tu kati ya zile 28,000. Alikuwa amepata hasara ya shilingi 11,800. Jioni hiyo koroboi zilitolewa uvunguni, zikafutwa vumbi, zikarudi mezani. Majirani walioziona waliambizana kwamba sola ni ulaghai.

Mwalimu hakukubaliana nao, ingawa alikuwa na kila sababu ya kukubaliana nao. Aliitazama paneli juu ya paa akaona kwamba haikuwa imekosa lolote. Ilikuwa ikizalisha umeme vilevile kama siku ya kwanza. Kilichokufa ni betri, na kilichoiua ni ukosefu wa kifaa cha shilingi 3,000. Alinunua betri mpya kwa shilingi 7,500 pamoja na kifaa kile, ambacho katika daftari alikiandika kwa Kiswahili chake mwenyewe: kidhibiti chaji. Safari hii aliweka sheria nyumbani kwamba taa ya kijani ya kidhibiti ikigeuka nyekundu, televisheni huzimwa, hata kama ni taarifa ya habari. Betri hiyo ilidumu miaka minne.

Mwaka wa 2015 alipojumlisha tena, alikuwa ametumia shilingi 38,500 kwa jumla na kuokoa shilingi 59,400 katika miezi 66. Faida ilikuwa shilingi 20,900. Jibu lake la kwanza kwa swali lile likaandikwa hivi: "Ikilinganishwa na koroboi, sola inalipa. Ila anayenunua paneli bila kuihesabu betri ni kama anayenunua ng'ombe bila kuhesabu majani."

Jibu hilo halikudumu. Mwaka uleule wa 2015 serikali ilitangaza mpango wa kuwafikishia umeme wakazi wa mashambani, na ada ya kuunganishiwa stima ikateremka kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000, tena kwa malipo ya polepole. Mnamo Aprili 2016 nguzo ya mbao ilisimamishwa kwenye pembe ya boma la Mwalimu. Baada ya miaka 42 ya kuzisikia nyaya zikivuma juu ya kichwa chake, hatimaye moja iliteremka ikaingia nyumbani.

Mwalimu alirudi kwenye ukurasa wake. Tokeni za stima zilimgharimu takriban shilingi 500 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho alipata taa katika kila chumba, pasi, redio na televisheni ya rangi. Kuupata umeme wa kiasi hicho kutoka kwa jua wakati huo kungehitaji mtambo wa shilingi 100,000 au zaidi. Kwa shilingi 6,000 kwa mwaka, fedha hizo zingemnunulia tokeni kwa zaidi ya miaka 16. Jibu la pili halikuhitaji kufikiriwa sana: "Ikilinganishwa na stima, sola hailipi." Paneli ya zamani ilihamishiwa kwenye paa la jiko, ikawa ya kuwashia taa ya banda la kuku.

Nchi nayo iliuchagua wakati huo kumfanyia Mwalimu mzaha. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, wiki chache tu baada ya stima kufika, umeme ulipotea nchini kote. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na kuanguka kwake kukaangusha mtandao mzima. Tumbili mwenyewe alinusurika. Gitaru haiko mbali na boma la Mwalimu. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akamwambia Mzee kwamba walisubiri stima kwa miaka 42, ikaja na jirani yao akaizima kwa saa kadhaa. Giza la siku hiyo halikumgharimu kitu. Aliandika sifuri katika daftari.

Jibu la pili lingebaki lilivyokuwa kama Mzee angebaki alivyokuwa. Mwaka wa 2019 Mzee alipatikana na ugonjwa wa sukari, na mwaka wa 2021 vidonge vilishindwa kazi, akaanza kudungwa insulini. Dawa hiyo ina masharti. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hupaswa kuwekwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kikishafunguliwa, hustahimili takriban wiki nne nje ya jokofu, mradi joto lisipite kiasi. Katika Mbeere ya chini, ambako mchana wa Februari huweza kupita nyuzi 30, kiasi hicho hupitwa bila mtu kutambua. Mwalimu alinunua jokofu dogo. Akiba ya dawa ya miezi miwili ilikaa kwenye rafu ya katikati, kando ya maziwa, na matumizi ya stima yakapanda hadi uniti 45 kwa mwezi.

Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, umeme ulipotea tena karibu nchini kote. Safari hii Mwalimu hakucheka. Alikaa karibu na jokofu akiwakataza wajukuu wasilifungue, maana jokofu lililofungwa huhifadhi baridi yake kwa saa kadhaa. Umeme ulirudi kabla ya madhara. Lakini Novemba ilikuja na mvua za vuli zilizopita kiasi mwaka huo, na usiku mmoja radi iliiunguza transfoma ya kijiji. Giza lilidumu siku 11.

Siku ya pili Mwalimu alimtuma kijana wa bodaboda kutafuta barafu. Barafu ilipatikana, ikafungwa katika ndoo, na vichupa vikalazwa juu yake usiku kucha. Asubuhi vilikuwa vimeganda. Kilichoharibu dawa hakikuwa joto lililoogopwa, bali baridi iliyotafutwa, kwa sababu insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Hakuna aliyejua hilo katika boma. Mzee aliendelea kudungwa dawa iliyokufa. Siku ya tano alianza kutapika na kupumua kwa shida, akakimbizwa hospitalini, akalazwa siku sita.

Alipotoka hospitalini, Mwalimu aliufungua ule ukurasa wa wino mwekundu. Matibabu yalikuwa shilingi 23,000. Vichupa vilivyoharibika, shilingi 1,600. Barafu na bodaboda, shilingi 2,400. Maziwa na nyama, shilingi 1,500. Safari ya mwanawe kutoka Nairobi, shilingi 4,500. Jumla ilikuwa shilingi 33,000. Kwa mara ya kwanza, giza la siku 11 lilikuwa limegharimu kuliko giza la miaka mitatu ya koroboi.

Mwezi wa Desemba familia ilikutana. Mwanawe, ambaye ni mhasibu, alikuja na kompyuta. Mjukuu wake aliyelelewa katika boma hilo tangu utotoni, na ambaye sasa alikuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea Kiswahili, alikuja na vitabu vyake. Katika Sacco Mwalimu alikuwa na shilingi 210,000. Kila mtu mezani alijua kwamba shilingi 110,000 kati ya hizo zilikuwa karo na malazi ya mjukuu kwa muda uliosalia.

Fundi mmoja alikuwa ametoa makadirio ya mtambo wa nyumba nzima: paneli mbili kubwa, inveta, betri ya lithiamu na ufundi, kwa shilingi 180,000. Bei ya paneli ilikuwa imeporomoka mno tangu siku za ile ya wati 40. Katika makadirio hayo paneli zilikuwa sehemu ndogo ya gharama, na betri pekee ilikaribia nusu yake.

"Mama, hailipi," alisema mwanawe kwa upole. "Unatumia uniti 45 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ni shilingi 28. Hiyo ni shilingi 15,120 kwa mwaka. Mtambo wa shilingi 180,000 utarudisha fedha zake baada ya miaka karibu 12, na betri yenyewe huenda isifike huko. Lakini fedha hizohizo zikikaa kwenye Sacco na kulipa asilimia 8, utapata shilingi 14,400 kwa mwaka. Karibu zikulipie stima yote, na mtaji wako ubaki."

Mwalimu aliipitia hesabu ile mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisahihisha mitihani, na hakuona kosa. Mjukuu ndiye aliyevunja kimya. Alisema kwamba karo yake inaweza kusubiri, kwamba angeomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu chai iletwe, aliweka kikombe chini.

"Sikubali," alisema. "Sitakunywa maji baridi kwa karo ya mtoto. Nirudishieni chungu changu."

Alimaanisha chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, kati yao mchanga uliolowa maji. Maji yakikauka huondoka na joto, na kilichomo ndani hupoa. Chungu hicho hakikuwa wazo la kipuuzi. Muuguzi wa zahanati aliyeulizwa alisema kwamba kinafaa kwa kichupa kimoja kinachotumika, tena kwa bei isiyofika shilingi 2,000. Ila hakiwezi kushuka hadi nyuzi 8, kwa hivyo hakiwezi kutunza akiba ya miezi miwili. Chungu kingeokoa dawa ya wiki, si dawa ya msimu wa mvua ambapo barabara hukatika.

Usiku huo mjukuu alimkuta Mwalimu mezani na daftari lake. Walizungumza kuhusu maneno, kama walivyozoea. Mjukuu alieleza kwamba neno stima lenyewe lilitokana na mvuke, na kwamba wakosoaji wengine huliona kuwa neno la mtaani. Mwalimu alitabasamu akasema kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya siku hizi hutoka Olkaria, kwa mvuke wa ardhini, kwa hiyo neno la mtaani lilikuwa limewasubiri wasomi walifikie. Kisha akauliza swali ambalo zamani aliwapa wanafunzi wa darasa la saba.

"Tofauti ya bei, gharama na thamani ni nini?"

"Nyanya, bei ni anachotaja muuzaji," mjukuu alijibu. "Gharama ni anachopoteza mnunuzi, na thamani ni anachopata."

"Vyema. Sasa niambie, mjomba wako alihesabu nini leo?"

Mjukuu alifikiri kidogo. "Alihesabu gharama ya stima."

"Na mimi naogopa gharama ya kukosa stima. Hesabu yake haina kosa. Ni jibu sahihi la swali lingine."

Hapo ndipo Mwalimu aliliona lililokuwa limefichika tangu mwaka wa 2010. Swali la iwapo sola inalipa halina jibu hadi litajwe giza ambalo sola inanunuliwa kuliondoa. Koroboi ilikuwa giza moja. Usiku wa tumbili ulikuwa giza jingine, la bure. Siku 11 za Novemba zilikuwa giza la tatu, na hilo halikuwa la nyumba nzima. Taa zingeweza kuzimika, pasi ingeweza kupoa, na televisheni ingeweza kunyamaza mwezi mzima bila mtu kudhurika. Giza lililomlaza Mzee hospitalini lilikuwa la rafu moja ya jokofu.

Aligeuza ukurasa akapiga hesabu ya rafu hiyo. Jokofu lake lilitumia takriban uniti 0.7 kwa siku. Paneli moja ya wati 400, kwa saa tano za jua kamili na baada ya kutoa kinachopotea njiani, ingezalisha takriban uniti 1.4. Betri ndogo ya lithiamu yenye kuhifadhi uniti 1.2 ingelivusha jokofu usiku kucha pamoja na taa mbili. Stima ingebaki kwa mambo mengine yote, na pia kwa siku za Julai ambapo mawingu hutanda na paneli hushindwa kufanya kazi yake. Fundi mwingine, aliyeonyesha leseni yake ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli kabla hata hajaulizwa, alikadiria shilingi 92,000 pamoja na kidhibiti, inveta, swichi za usalama na waya wa kuzamisha ardhini.

Aliyapeleka makadirio hayo kwa mwanawe kwa simu. Mtambo ungeokoa tokeni za takriban shilingi 7,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya stima pekee, ungelipa baada ya miaka 13, yaani usingelipa. Lakini balaa kama lile la Novemba likitokea mara moja tu katika kila miaka mitatu, ni shilingi 11,000 za kila mwaka. Zikijumlishwa ni shilingi 18,000, na mtambo unajilipa kwa miaka mitano na ushei, ilhali betri ya aina hiyo hutarajiwa kudumu takriban miaka 10.

"Na balaa lisipotokea tena, Mama?"

"Basi nitakuwa nimekula hasara nikiwa na furaha," Mwalimu alijibu. "Umewahi kumsikia mtu akilalamika kwamba bima yake imeharibika kwa kuwa hakuugua?"

Mwanawe alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atachangia shilingi 20,000. Mwalimu alikataa. Alisema kwamba ametoa 92,000 kutoka 210,000 na kubakiwa na 118,000, karo imo na shilingi 8,000 za ziada, na kwamba paa la choo linaweza kuvuja mwaka mmoja zaidi. Lakini siku mbili baadaye alimpigia tena mwanawe, akazikubali zile 20,000 kwa ajili ya paa. Daftari linashuhudia.

Mtambo ulifungwa Machi 2024, kabla ya mvua za masika. Fundi aliitega paneli kwa mwinamo mdogo, ili mvua iwe inaiosha vumbi. Mjukuu alirudi chuoni, hakuahirisha siku hata moja. Mwezi wa Julai paneli ilizalisha chini ya nusu ya kawaida yake kwa wiki mbili mfululizo, kama Mwalimu alivyotabiri, na jokofu likaegemea stima. Tangu hapo stima imepotea mara nyingi, kwa saa mbili, kwa usiku mzima, mara moja kwa siku tatu. Kila mara Mwalimu huandika tarehe na muda, na katika safu ya hasara huandika sifuri. Sifuri hizo sasa zimejaza ukurasa mzima. Katika kazi ya ualimu sifuri ni alama ya kuhuzunisha. Katika Hesabu ya Giza ndiyo alama anayoipenda kuliko zote.

Majirani walewale walioiona koroboi ikirudi mezani mwaka wa 2011 sasa huja kuuliza. Mwalimu huwakaribisha, huwapa chai, na hajapata kumjibu yeyote kabla ya kumuuliza swali lake.

"Giza lako linakula nini?"

Kijana mwenye kinyozi sokoni alisema kwamba stima ikipotea Jumamosi hupoteza wateja wa siku nzima. Mwalimu alimwambia aandike kwa miezi mitatu ni Jumamosi ngapi, kisha arudi na daftari. Bwana mmoja mwenye stima tayari alisema kwamba anataka paneli sita kwa kuwa jirani yake anazo. Mwalimu alimshauri anunue tokeni. Wa mwisho alikuwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya bonde, ambako nguzo hazijafika, mwenye watoto wawili wanaosomea koroboi na mdogo wao anayekohoa. Yeye hakuambiwa aandike kitu. Mwalimu aliinuka, akamtuma mtoto kuleta ngazi, na kuagiza ile paneli ya wati 40 iteremshwe kutoka juu ya jiko. Ilikuwa imekaa juani tangu mwaka wa 2010 na bado ilikuwa ikizalisha umeme.

"Kuku watalala mapema," alimwambia yule mama. "Wewe nenda ukanunue betri. Na kidhibiti, mama, kidhibiti usikisahau."